Barua ya wazi kwa wanaoijenga Dodoma: zeze nalo linaomba nyumba

Waheshimiwa mnaopanga viwanja vya jiji hili, na ninyi mnaosimamia sanaa na utamaduni wa nchi,

Mbukwenyi!

Naanza na salamu ya nyumbani. Nanyi mkipanda jukwaani Dodoma huanza nayo, sisi tukaitikia kwa kelele, tukacheka, kisha hotuba ikaendelea. Leo zamu ya kusema ni yangu, ninyi itikieni tu. Nimekuja kuuombea muziki wetu jumba lake hapa mjini.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na mpiga muheme. Kwa waliohamia juzi na treni ya umeme na bado hawajaufahamu mkoa: muheme ni ngoma ya wanawake wa Kigogo. Ina kiuno chembamba, unaibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja huku umesimama, na zikilia kumi kwa pamoja hata aliyefiwa jana anatikisa bega. Nilifundishwa na mama yangu mkubwa kabla sijajua kusoma.

Mwaka juzi tulialikwa watu sita kwenye tamasha dogo la muziki wa asili huko Ufaransa: wanawake wanne wa muheme, kijana wa ilimba, ule ubao wa vijiti vya chuma, na babu mmoja wa zeze, chombo chetu cha nyuzi, ambaye hakuwahi kuvuka Morogoro. Tulipiga katika mji mdogo, watu wakapenda, tukala jibini mpaka tukaota mlenda. Siku ya mwisho mama aliyetupokea akatuuliza tungependa kuona nini Paris. Wengine walitaka ule mnara. Babu akasema, "Nataka kuona wao wanaimbia wapi."

Akatupeleka Palais Garnier, nyumba ya opera. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao waigizaji huimba badala ya kusema, na chini yao kuna kundi kubwa la wapiga vyombo. Hatukwenda kuona onyesho, maana siku hiyo mchana hapakuwa na onyesho. Tulilipa kiingilio kama watu wanavyolipa makumbusho, tukaingia na viatu vyetu vya vumbi la Ihumwa.

Sitaki kuwachosha kwa kuhesabu dhahabu. Ipo nyingi, nyingine ya kupita kiasi. Kuna sebule ndefu ya mita 54 ambako watu hupumzika katikati ya onyesho, na mle ndani jicho halipati pa kutua. Ngazi kuu ndiyo iliyonishika. Ni ngazi ya marumaru nyeupe, pana, inapanda kisha inagawanyika kushoto na kulia, na mahali pa kushikia mkono pamechongwa kwa oniksi iliyotoka Algeria. Niliweka kiganja changu juu ya jiwe hilo la Afrika nikasimama muda mrefu kuliko wenzangu. Juu yetu dari ilikuwa mbali, mita 30 hivi. Mwenzetu mmoja, mama wa Mvumi, akashindwa kujizuia akapiga kigelegele kimoja.

Waheshimiwa, kigelegele kile kilipanda ngazi kabla yetu. Kilizunguka kule juu kikarudi kimenenepa. Watalii wote wakageuka. Mlinzi akaja mbio, akatutazama, akaangalia ukutani kama anayetafuta tangazo la kukataza vigelegele, hakuliona, akaenda zake.

Hapo ndipo barua hii ilipoanza.

Nikiwa bado mwalimu nilizoea kuuliza kitu kilianzaje, basi nikamsumbua mwenyeji wetu kwa maswali mpaka akaninunulia kitabu, na binti yangu akanisaidia kukisoma. Nyumba ile ilizaliwa na hofu. Januari 1858 Napoleon wa Tatu, mtawala wa Ufaransa, alikuwa anakwenda kwenye opera ya zamani, watu wakautupia mabomu msafara wake mlangoni. Yeye akapona, wengine wakafa. Ikaamuliwa ijengwe opera nyingine, mahali pa wazi, yenye mlango wa peke yake ambao gari lake la farasi lingepanda mpaka ndani. Mashindano ya ramani yakatangazwa, yakaletwa mapendekezo 171, akashinda kijana asiyejulikana wa miaka 35 aitwaye Charles Garnier. Walipoanza kuchimba msingi mwaka 1861 wakakutana na maji. Walivuta maji kwa mashine za mvuke miezi kadhaa, mchana na usiku. Mwishowe Garnier akajenga kisima kikubwa cha zege na matofali chini ya jukwaa, kubeba uzito na kuzuia maji yanayosukuma. Maji yapo mpaka leo, na wazimamoto wa Paris huyatumia kufanyia mazoezi ya kupiga mbizi gizani.

Nilipomsimulia babu habari ya maji alicheka sana. "Kumbe na wao walijenga juu ya idodomya." Mnajua simulizi ya wazee kuhusu jina la mji wetu: tembo alikuja kunywa maji, akazama kwenye tope.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Yule mtawala aliyeamuru nyumba ijengwe hakuketi ndani yake hata siku moja. Mwaka 1870 alishindwa vita na kupoteza kiti, akafia Uingereza Januari 1873. Nyumba ilifunguliwa tarehe 5 Januari 1875, yeye yuko kaburini. Mlango wake wa peke yake haukumaliziwa kwa kazi iliyokusudiwa. Leo upande ule ni maktaba na makumbusho, na mwalimu mstaafu wa Dodoma anaingia bila kuulizwa ametumwa na nani.

Sisemi hivi kuwatisha. Nasema kwa sababu najua mnavyofikiri: mradi usiofunguliwa kipindi hiki una faida gani kwangu?

Tuje nyumbani. Nimeishi Dodoma kabla haijawa jiji. Nilikuwa msichana mwaka 1973 ilipoamuliwa makao makuu yahame Dar es Salaam, na tulingoja mpaka tukazeeka. Ngoja ngoja zilipokwisha, mambo yakaja kwa kasi: wizara zikahamia, 2018 tukawa jiji, Mtumba, mji wa serikali, ikaota kutoka kwenye miiba, mwaka 2024 treni ya umeme ikaanza kutufikisha Dar kabla chai haijapoa kwenye chupa. Sina kinyongo. Barabara za lami nazitumia, taa za barabarani zinanisaidia nikitoka mazoezini. Lakini katika yote yaliyojengwa tumepata kumbi za mikutano. Mikutano tu. Dodoma mtu akiwa na jambo la kusema kwa saa tatu atapata ukumbi wenye kiyoyozi. Mwenye jambo la kuimba anapelekwa nje, juani.

Niwaeleze inavyokuwa, maana ninyi mnakuwa upande wa pili wa tenti. Mgeni rasmi anatarajiwa saa nne. Kikundi kinaambiwa kifike saa kumi na mbili asubuhi. Mahali pa kubadilishia nguo hapapo, kwa hiyo akina mama wanne wanashika khanga kuzunguka mlango wa basi, wa tano anavaa, kisha wanapokezana. Maji ya kunywa yapo, ila ni ya meza kuu. Saa saba mgeni anafika. Mshereheshaji anatuambia tumepewa dakika mbili, na maiki moja inawekwa mbele ya ngoma kumi. Kipaza sauti kinalia kama mbuzi aliyekanyagwa mkia. Fundi mitambo anapunguza hiki, anaongeza kile, dakika mbili zimekwisha. Katika sherehe moja ambayo sitaitaja babu wa zeze alisimama dakika zote mbili akipiga, na hakuna hata mtu mmoja aliyemsikia, kwa kuwa maiki ilikuwa kwetu. Aliposhuka aliniuliza kama alipiga vizuri. Nilimdanganya kwamba nilisikia.

Labda mnadhani dawa ni spika kubwa zaidi. Hapana, na hili ndilo nataka mlishike kuliko yote.

Ilimba ya Kigogo ina vijiti vya chuma ambavyo mpigaji havigusi kabisa. Vipo ili vitetemeke vyenyewe vikisikia wenzao wamepigwa. Kwenye ubao kuna tundu linalozibwa kwa utando wa buibui, ule mgumu wa kufunikia mayai, nao unatoa mvumo mwembamba kama nyuki aliye mbali. Uimbaji wetu wa sauti nyingi nao umeandikwa na wataalamu wa nje, akiwemo Gerhard Kubik wa Austria: sauti tunazozipanga zinafuata zile sauti ndogondogo zilizomo ndani ya sauti moja kubwa. Mwalimu wangu hakuwa na maneno hayo. Yeye alisema, "Msikilize yule asiyeimba." Ukiimba sawasawa na wenzako, inasikika sauti ya juu ambayo hakuna aliyeitoa. Spika za kukodi zinafanya kazi moja kwa uaminifu: zinamuua yule asiyeimba. Mnabaki na kishindo, mnapiga makofi, mnadhani huo ndio muziki wa Wagogo.

Kumbi za mikutano nazo zina ugonjwa wake. Dari ni ya chini, zulia linameza, kioo kinarudisha kwa ukali, na kiyoyozi kinavuma kwa sauti inayogombana na zeze. Nimepiga muheme katika ukumbi mmoja mzuri sana wa kutazama, na kila kiganja kilirudi mara mbili mpaka tukapotezana. Kumbi za bei nafuu zina mabati matupu; mvua ikinyesha, nasi kwa mvua hatusemi vibaya, onyesho linaahirishwa na Mungu mwenyewe.

Nchi hii hapo zamani ilijenga chuo cha sanaa Bagamoyo, na hayati Hukwe Zawose, mtoto wa kijiji cha Doduma hapa kwetu, ambaye Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam baada ya kusikia muziki wake, alifundisha huko na kufia huko mwaka 2003. Dunia ilimsikia akiimba, Ulaya, Marekani, Japani. Nafurahi kwa ajili yake. Lakini nauliza kama mama: mtoto wa Doduma akitaka leo kusikika ndani ya nyumba, kwa nini lazima akatafute nyumba hiyo pwani? Nairobi walijenga jumba la maonyesho la taifa mwaka 1952, Kampala wakafungua lao 1959. Sisi makao makuu yetu yana jengo la kila kitu. Hata zabibu zina viwanda.

Najua nitakaloambiwa. "Mwalimu, watoto hawana madawati." Nimefundisha darasa la watoto tisini na kitu, wengine wamekaa juu ya tofali, kwa hiyo habari ya madawati msinifundishe. Anayelipia tenti, jukwaa la vyuma, jenereta na spika za kukodi kila sherehe, mwaka baada ya mwaka, tayari anajenga ukumbi. Tofauti ni kwamba anaubomoa kila jioni.

Wala siombi Palais Garnier. Tulipofika ndani ya ukumbi wenyewe, wenye viti 1,979 vya mahameli mekundu, nilikaa kwenye kiti cha pembeni nikagundua sioni jukwaa. Kuna viti vya hivyo vingi pale. Ukumbi una umbo la kwato la farasi, na vyumba vidogo vya kulipia vimepangwa ghorofa juu ya ghorofa, kwa sababu matajiri wa zama zile walikwenda kutazamana wao kwa wao kama walivyokwenda kusikiliza. Tabia hiyo tunayo ya kutosha, ya sofa za mbele zenye vitambaa na viti vya plastiki nyuma. Hatuhitaji kuiagiza kutoka nje. Taa yao kubwa ya vioo ina uzito wa tani zaidi ya saba, na mwaka 1896 uzito mmoja wa kuisawazisha ulianguka ukaua mwanamke aliyekuwa amekaa chini yake. Sihitaji taa ya namna hiyo juu ya kichwa changu. Na kuhusu sauti, Garnier mwenyewe aliungama kwa maandishi kwamba alisoma, akauliza, akakuta wataalamu wanapingana, mwisho akabahatisha tu na bahati ikamkubali. Sisi tusibahatishe, maana tunayo mahali pa kuanzia.

Mahali hapo ni tembe. Wengi wenu mmezaliwa ndani yake hata kama picha zenu za utotoni hazionyeshi. Kuta nene za udongo, paa la udongo, na ua katikati. Nimepiga muheme uani kwa marehemu bibi yangu na sauti ilikuwa inakaa. Udongo haupayuki kama kioo wala haunyongi kama zulia. Unaichukua sauti, unakurudishia kiasi. Mpeni msanifu kijana wa nchi hii kazi ya kuelewa ua ule unafanyaje kazi, halafu aufunike paa ambalo mvua ikinyesha hatutaisikia. Watu mia tano wanatosha. Kipimo cha kumkubali mkandarasi kiwe hiki: babu akae jukwaani na zeze lake, bila maiki, na mtu wa kiti cha mwisho asikie. Asiposikia, mkandarasi asilipwe.

Nyuma ya jukwaa wekeni chumba cha kuvalia chenye mlango unaofungika, na maji. Wekeni na stoo kavu ya ngoma, maana ngozi inaliwa na panya na sisi tunazilaza chini ya vitanda vyetu. Nililoliona Paris na kulionea wivu kuliko dhahabu ni mlango kuwa wazi mchana. Mtoto wa shule ya Nkuhungu au Chang'ombe aweze kuingia saa nane kwa kiingilio cha bei ya soda, aone zeze limening'inizwa, aruhusiwe kuligusa.

Halafu kiwanja. Hili ni la haraka, maana viwanja vya Dodoma mnajua vinavyokwenda. Kisiwe huko mbali ambako ukishuka daladala unapanda bodaboda na onyesho likiisha usiku mwanamke anaogopa kurudi. Kiwe pale mjini, watu wanapofika kwa miguu, kwenye ramani kiandikwe jumba la muziki, na mtu wa baadaye asikibadilishe kuwa maegesho. Sisemi kwa utani. Cairo walikuwa na nyumba ya opera iliyofunguliwa mwaka 1869, wakati Mfereji wa Suez unafunguliwa. Ilikuwa ya mbao kwa sehemu kubwa, ikaungua Oktoba 1971. Pale ilipokuwa pakajengwa ghorofa la kuegeshea magari, na uwanja wa mbele yake bado unaitwa Uwanja wa Opera. Walikaa mpaka 1988 ndipo wakapata nyingine, ng'ambo ya pili, kwa msaada wa Wajapani.

Kitu kimoja zaidi kuhusu Paris, halafu nawaacha. Dari ya ukumbi ule ina mchoro wa Marc Chagall wa mwaka 1964, wenye rangi zinazopiga kelele katikati ya dhahabu ya zamani. Ulipowekwa wengi walikasirika. Lakini mchoro wa kwanza haukufutwa, upo nyuma yake. Kijana wetu wa ilimba, ambaye nyumbani hupiga pia kinanda cha umeme kwenye kwaya na wazee humnunia kwa hilo, aliitazama dari ile mpaka shingo ikamuuma. Akanambia, "Mwalimu, kumbe vinaweza kukaa pamoja." Nyumba ninayoiomba ni yake pia. Ni ya kwaya za makanisani, ya kaswida, ya vijana wa singeli wakikubali kupunguza kidogo.

Tamasha la muziki wa Cigogo linafanyika Chamwino, na wengine wenu mmewahi kualikwa. Ila msingoje mwaliko wenye kadi. Sisi tunafanya mazoezi kila Jumamosi saa kumi alasiri chini ya mkwaju, mtaani Kikuyu, nyuma ya mashine ya kusaga, ikizimwa. Njooni bila msafara. Viti hatuna, atakayekuja aje na kigoda chake. Babu hupiga wa mwisho, jua likishatua na upepo ukatulia, kwa hiyo msiondoke mapema, na mkae karibu.

Mwalimu mstaafu, mpiga muheme
Dodoma